Kampuni ya sensa ninayoitegemea imenyamaza ghafla: nisubiri au nihame?

Fundi_Lenzi: Wakuu, habari za leo. Sensa ninayosema ni ya picha, si ile ya kuhesabu watu. Nina kamera ya kukagua chupa kwenye mkanda unaokwenda mbio, chini ya mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Nimeijenga juu ya sensa ya kampuni changa moja. Mwezi uliopita tovuti yao ilizimwa, barua pepe zinarudi, na mhandisi aliyekuwa ananisaidia kapotea. Tetesi ni kwamba wamenunuliwa na wakubwa. Nimebakiwa na vipande 40, mteja ameagiza kamera 60. Nisubiri?

mzee_wa_pikseli: Hama. InVisage ya California walikuwa na QuantumFilm, utando wa nukta za kwanta (chembe ndogo mno zinazonasa mwanga) uliopakwa juu ya chipu ili unase mwanga badala ya silikoni, ambayo kwenye infraredi ni dhaifu. Mwaka 2017 Apple waliichukua kimya kimya. Habari ilipovuja wakakiri kununua, sababu wakabaki nayo. Mwaka 2013 walikuwa wameshachukua PrimeSense ya Israeli, wenye teknolojia iliyokuwa ndani ya Kinect ya kwanza, kamera ya michezo ya Microsoft. Mkubwa anataka wahandisi na hataza. Wewe na vipande vyako 40 hamumo kwenye hesabu yao.

Salome_K: Mzee, usimuue kwa presha 😂 Fundi, angalia kwanza kumbukumbu za ofisi ya hataza ya Marekani, sehemu ya uhamisho wa umiliki. Zikiwa na jina jipya, tetesi imekwisha. Zikiwa na jina la zamani usishangilie, uandikishaji huchelewa. Mkataba wako unasemaje bidhaa ikisitishwa?

Fundi_Lenzi: Mkataba upi dada? Tulikuwa tunaagizana kwa barua pepe.

Salome_K: Haya.

bodi_mbili: Sensa iweke kwenye bodi yake ndogo, iungwe kwa kebo, bodi ya prosesa usiiguse. Sensa nyingi zinatumia MIPI, njia ya pamoja ya kupeleka picha kwa prosesa, kwa hiyo kazi kubwa itakuwa draiva (programu ya kuiendesha sensa) na lenzi. Kwa mkanda tafuta yenye pikseli zinazopiga zote kwa wakati mmoja, la sivyo chupa zitatoka zimelala upande. Sony IMX296 ni ya aina hiyo, ndiyo iliyo kwenye kamera ya 2023 ya Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za bodi moja. Ila kamera ile ina kichujio kinachozuia infraredi, kwa hiyo chukua sensa yenyewe, isiyo ya rangi. Mwanga wa taa zako una urefu wa wimbi wa nanomita ngapi?

Fundi_Lenzi: 940.

bodi_mbili: Weka 850, silikoni inaona vizuri zaidi hapo. Ziwake kwa mpigo, sambamba na kamera.

Fundi_Lenzi: Sawa mkuu. Na mteja nimwambieje?

mzee_wa_pikseli: Ukweli, tena leo. 40 sasa, 20 zenye sensa nyingine baadaye, azijaribu kabla hujazifunga.

Fundi_Lenzi: Mrejesho: nimempigia. Kakubali, ila anataka 30 tu za sasa. Zile 10 kasema nizihifadhi za kubadilishia zikiharibika. Mimi hata sikuwa nimeliwaza hilo.