Nitaijuaje dhambi nisiyoiona moyoni mwangu?

Msafiri_wa_Imani:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kila jioni huomba maneno ya Zaburi 139:23-24, Mungu anichunguze na kuujua moyo wangu. Hata hivyo, kuna siku ambazo sioni neno lolote la kuungama, nami hubaki na wasiwasi kwamba moyo unanificha, kwa kuwa Yeremia 17:9 husema ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Na kuna siku nyingine ambazo kila wazo la mchana hugeuka kuwa shtaka, hata nikaona afadhali nisishiriki Meza ya Bwana, yaani mkate na kikombe cha ushirika. Ikiwa moyo wenyewe ndio mdanganyifu, mtu atajichunguzaje kwa huohuo?

Mzee_Kiongozi:
Ndugu yangu, swali hilo ni la Daudi katika Zaburi 19:12. Anauliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake, na papo hapo anaomba atakaswe na mambo ya siri. Hakungoja ayajue kwanza ndipo aombe.

Ukitaka kuona jinsi dhambi inavyojificha, soma 2 Samweli 11 na 12 kwa mfululizo. Mfalme Daudi alikuwa amezini na Bath-sheba, mke wa Uria, kisha akaagiza Uria auawe; Bath-sheba ameolewa naye na mtoto amekwisha kuzaliwa, ndipo nabii Nathani akaja na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi aliwaka hasira, akataja hata kiwango cha fidia, mara nne, kama Kutoka 22:1 inavyoagiza kwa mwizi wa kondoo. Sheria ya kondoo aliikumbuka barabara. Ya uzinzi na ya kuua haikumjia. Kwa sababu hiyo mimi huanza uchunguzi wangu kwenye hasira: kosa la mwenzangu linalonichoma kupita kiasi, na ambalo napenda kulisimulia kwa watu, hulitazama tena nikijiuliza kama nami sina kosa kama hilo. Si kila hasira ni unafiki, lakini hapo pana mengi ya kuonwa.

Binti_Sayuni:
Shikamoo Mzee, nakubaliana nawe. Mimi naona jioni za mashtaka ndizo zinazomwumiza zaidi ndugu yetu. Roho Mtakatifu anapomthibitishia mtu dhambi, humwonyesha jambo lenyewe, kwamba alimdanganya fulani au anashikilia kisichokuwa chake, naye akajua la kutubia na la kurudisha. Lawama inayosema tu kwamba hufai haikuachii cha kutubia. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa aliyeingia utawani Erfurt, Ujerumani, mwaka 1505, alikuwa akiungama kwa saa nyingi, na bado alihofu kwamba kuna dhambi aliyoisahau. Kuchimba zaidi hakukumpa amani. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 4:4, anakiri kwamba hajui neno la kuishtaki nafsi yake, wala hafanyi hilo kuwa haki yake, ila anamwachia Bwana hukumu.

Kuhusu Meza, tafadhali usome 1 Wakorintho 11:28 hadi mwisho wa mstari. Mtu ajihoji, na hivyo aule mkate. Anayetubu anaambiwa ale.

Msafiri_wa_Imani:
Nashukuru sana, mstari huo nilikuwa nikiukatiza katikati. Na jioni ambayo sioni kitu?

Mzee_Kiongozi:
Omba Zaburi 19:12, kisha ulale. Lakini usitegemee jioni peke yake, kwa maana Daudi hakujigundua, alitumiwa mtu. Mwombe mwenzi wako, au mwamini mkomavu anayekuona ukiwa umechoka na umekasirika, akuambie analoliona, nawe usijitetee mpaka amalize. Yakobo 5:16 hutuagiza kuungamiana na kuombeana. Chagua tu mtu anayeweza kutunza siri, maana si kila anayejiita mshauri analiweza hilo.