Naomba ushauri: betri ya gari la umeme lililotumika

Ndugu wanachama, salaam. Ninakusudia kununua Nissan Leaf ya mwaka 2014, yenye betri ya kWh 24, kwa safari za kazini zisizozidi kilomita 40 kwa siku, lakini mwenzangu anaamini kwamba betri ikichoka gari hugeuka chuma chakavu, nami, nikiri, sina hoja ya kumjibu. Nimeliendesha mara mbili. Kipimo cha uwezo wa betri (si kile cha chaji) kwenye dashibodi kinaonyesha vijiti 9 kati ya 12, na nilipopanda mlima makadirio ya umbali uliobaki yalishuka haraka kuliko kilomita nilizokwenda, jambo lililonitia wasiwasi kuliko maneno ya mwenzangu. Najua betri hii haina mfumo wa kupoozwa kwa kimiminika, hivyo joto huichosha mapema. Muuzaji anadai vijiti hivyo "vinarudishika", kauli iliyonishtua badala ya kunituliza.

Maswali yangu ni mawili. Mbali na vijiti, nitumie kipimo gani kujua hali halisi ya betri kabla ya kulipa? Na kwa aliyewahi kubadilisha seli chache zilizochoka badala ya betri nzima, je, gari lilitulia au tatizo lilirudi?

Natanguliza shukrani.