Je, mnasihi ana haki ya kumtibu mtu kwa hadithi na hipnosi bila kumwambia?

MTOA MADA, TEMEKE

Ndugu zangu, nafungua mjadala huu kutokana na kikao cha wanasihi kilichofanyika hapa Temeke mwezi uliopita. Mwenzetu mmoja alitueleza jinsi alivyomsaidia mama mmoja aliyekuwa hawezi kupanda kivuko cha kwenda Kigamboni kwa woga, kiasi kwamba kila siku alizunguka kwa daladala mpaka darajani. Alimkalisha, akashusha sauti, akamwelekeza aifuate pumzi yake, na macho ya yule mama yalipoanza kuwa mazito akamsimulia kisa cha mtoto wa mvuvi aliyeyaogopa maji mpaka siku babu yake alipomfundisha kuyahesabu mawimbi. Baada ya vikao vitatu mama alivuka, mkono umeshika chuma cha ukingoni, midomo ikihesabu. Hakuambiwa kwamba alichofanyiwa kilikuwa hipnosi, wala kwamba kisa kile kilitungwa kwa ajili yake. Wengi kikaoni walimpongeza mwenzetu. Sisi wachache tuliona kuna hatua imerukwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Naamini kwamba hadithi inaponya, na kwamba hipnosi ni njia halali mikononi mwa mwenye mafunzo, lakini naamini pia kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kumwingia mtu nafsini kwa njia hizo kabla mwenyewe hajafungua mlango.

Kwanza tuelewane kuhusu neno, maana hapa mjini ukitaja hipnosi watu wanafikiria mazingaombwe ya jukwaani, au vile visa vya Kariakoo vya mtu aliyeguswa begani akajikuta amekabidhi simu na fedha kwa mkono wake mwenyewe. Hipnosi ya kitabibu ni hali ambayo mtu, kwa kuelekezwa, anakusanya usikivu wake wote mahali pamoja, mambo ya pembeni yanafifia, na mapendekezo anayopewa yanampenya kwa urahisi kuliko kawaida. Hajalala. Anasikia, anaweza kukataa, na mara nyingi anakumbuka yote. Jina lenyewe, lenye asili ya neno la Kigiriki la usingizi, lilienezwa katika miaka ya 1840 na James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, ambaye baadaye mwenyewe aliona kwamba linapotosha. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali njia hii mwaka 1955 kwa baadhi ya matatizo, na kile cha Marekani kikafuata mwaka 1958. Inasaidia maumivu, inasaidia tumbo linalosokota kwa muda mrefu bila sababu inayoonekana kwenye vipimo, na si kila mtu inampata: wachache huzama sana, wachache hawazami kabisa, wengi wetu tuko katikati.

Aliyeiunganisha hipnosi na hadithi kwa namna iliyosambaa zaidi ni Milton Erickson, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyezaliwa 1901 na kufariki 1980. Mwaka 1966 alichapisha kisa cha mgonjwa aliyemwita Joe, mkulima na muuza maua aliyekuwa akifa kwa saratani, ambaye dawa zilikuwa zimeshindwa kumtuliza. Joe alikuwa ametobolewa koo, hawezi kusema, anaandika kwenye karatasi, na alikuwa hataki hata kulisikia neno hipnosi. Erickson alikaa naye akaanza kumweleza habari za mche wa mnyanya: jinsi mbegu inavyotiwa ardhini, jinsi inavyonyonya maji bila taabu, jinsi mvua inavyoleta amani na faraja, na kila baada ya maneno machache ya kilimo aliingiza neno la utulivu, akilikaza kidogo kwa sauti. Kwa maelezo ya Erickson mwenyewe, Joe alipata nafuu kubwa katika miezi michache iliyobaki ya uhai wake.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi. Kila mara kinanigusa, na kila mara kinanikwama mahali pale pale: Joe alikuwa amekataa. Waswahili tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Daktari anayemfumbia mgonjwa wake kimyakimya amekwisha kuamua mgonjwa huyo akae upande gani wa methali hiyo.

Na sisi tunayo desturi ya kusimulia iliyo na adabu zaidi. Bibi yangu, aliyetulea Rufiji, hakuanza hadithi hivi hivi. Alisema “Paukwa!” akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja kwa mwanga wa koroboi, na hadithi haikusogea mpaka tuitike “Pakawa!” Aliyenuna au aliyechoka hakuitika, na bibi alimwambia akalale, bila kumkasirikia. Wengine wanaitika “Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea.” Tazameni maneno hayo: msikilizaji anaialika hadithi, na hata uwongo uliomo ndani yake anaualika kwa jina lake. Anajua anachokaribisha. Wito kama huo ndio ninaoutaka katika vyumba vyetu vya unasihi. Mnasemaje?

MCHANGIAJI, ILALA

Dada mtoa mada, nimekusoma kwa makini, na kwa heshima zote napingana nawe. Nimekuwa muuguzi miaka 28, mingi kati ya hiyo nikihudumia wagonjwa wa saratani. Mtu anayelia usiku mzima kwa maumivu hana nafasi ya kusikiliza maelezo kuhusu Manchester. Joe alilikataa neno. Sijaona mahali aliposema anakataa nafuu. Mimi nimewasimulia wagonjwa habari za mashamba yao na watoto wao huku nawafunga vidonda, nikijua kabisa kwamba nawavuta mawazo yatoke kwenye jeraha, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sikumwomba ruhusa.

Umemtaja bibi, lakini umemwacha kungwi. Mwali aliyewekwa ndani haulizwi kama anataka kufumbiwa. Anaimbiwa, anasimuliwa visa, anaonyeshwa vitu ambavyo maana yake ataielewa miaka mitano baadaye akiwa nyumbani kwake, na mafunzo yale yanamkaa kwa sababu hakuambiwa moja kwa moja. Hofu yangu ni kwamba ukimweleza mtu kila kitu kabla ya kuanza, unabaki na dawa iliyopoa. Anaanza kuichunguza hadithi badala ya kuisikia. Ningependa unijibu hilo kwanza: je, hadithi iliyotangazwa mapema bado inafanya kazi?

MCHANGIAJI, MBAGALA

Ninaunga mkono hoja ya mtoa mada, ila naona hata yeye ameiamini hipnosi kupita kiasi. Miaka minne iliyopita mdogo wangu wa kike alikuwa na sonona baada ya mimba mbili kuharibika. Tulimpeleka kwa mtu aliyejiita mtaalamu wa saikolojia, ambaye sitamtaja. Alimlaza kwenye kochi, akamrudisha utotoni kwa maneno, akawa anamuuliza, “Unaona nani amesimama mlangoni? Ameshika nini?” Kikao cha nne mdogo wangu akamwona shangazi yetu, amebeba kitu kwenye kitambaa cheusi.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Mdogo wangu anaapa mpaka leo kwamba anakumbuka, na anaposimulia anaeleza hata rangi ya mlango, mlango ambao mimi, niliyekulia nyumba hiyo hiyo, siujui. Tangu hapo shangazi hajakanyaga kwetu, na alipougua mwaka jana hakuna aliyethubutu kumpeleka mdogo wangu akamwone. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mtu anayechokonoa kumbukumbu za namna hiyo anachezea moto ndani ya nyumba za watu. Nilikuwapo siku ya kwanza, na ruhusa tulitoa. Ruhusa peke yake haikutulinda.

MCHANGIAJI, KIMARA

Swali langu ni fupi. Yule mama wa kivuko, je, ameruhusu habari zake ziletwe hapa?

MTOA MADA, TEMEKE

Nitaanza na swali la Kimara, kwa sababu lilininyima usingizi. Nilikuwa nimebadili mambo kadhaa ili mama yule asitambulike na nilikuwa na idhini ya mwenzetu, nikaona inatosha. Haikutosha. Nilimpigia mwenzetu siku ile ile, naye akakubali kwenda kumwomba mwenyewe. Nitarudi kwenye hilo.

Dada wa Ilala, wewe umenipa kazi, na kuhusu jeraha linalofungwa nakubaliana nawe kabisa: kumzungumzisha mgonjwa habari za shamba lake mbele ya macho yake hakumfichi kitu. Kungwi naye namheshimu, ila mwali anajua kwamba yuko unyagoni. Ukoo mzima unajua. Hajui maana ya kila fumbo, lakini anajua kwamba anafumbiwa na nani, na kwa ajili gani. Joe hakujua hata hilo.

Kuhusu dawa kupoa, naomba nikueleze kisa cha dereva wa bodaboda ambaye ameniruhusu nimtaje kwa kazi yake tu. Alinusurika ajali iliyomuua abiria wake. Nilimwambia tangu mwanzo: tutaisimulia habari ya maisha yako yote, mwanzo hadi leo, na tutakaa pale unapopakimbia mpaka pawe sehemu ya habari, pasiwe kila mahali. Tulitandaza kamba ya katani sakafuni. Kwa kila jambo jema aliweka ua, maua mekundu ya michongoma aliyoyachuma mwenyewe getini, na kwa kila jambo zito aliweka kokoto. Alipofika kwenye ajali alishika kokoto mkononi muda mrefu sana, jasho likimtoka, na hakuliweka siku hiyo. Aliliweka kikao kilichofuata. Sehemu ya kamba iliyobaki huachwa imeviringishwa, kwa sababu ni miaka ambayo bado haijaja, na alinyoosha mguu taratibu asiikanyage. Alijua kila kitu nilichokuwa nikifanya na kwa nini. Njia hiyo iliwahi kupimwa kwa wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, na mwaka mmoja baada ya tiba asilimia 29 tu ya walioipata walikuwa bado na ugonjwa wa kiwewe, ambapo katika makundi mawili yaliyolinganishwa nao ilikuwa karibu asilimia 80. Kundi lilikuwa dogo, nakiri, lakini walioketi pale hawakufichwa kitu, na hadithi haikupoa.

Ndugu yangu wa Mbagala, pole sana, na poleni kwa shangazi. Ulichosema kimenirekebisha. Mwaka 1985 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka kwamba kumbukumbu zinazopatikana kwa hipnosi si za kuaminika zaidi kuliko za kawaida, na zinaweza kuchanganyika na mambo ya kubuni. Wala kumbukumbu ya kubuni haihitaji hipnosi ili iingie. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus, mwanasaikolojia wa Marekani anayechunguza kumbukumbu, na mwenzake waliwapa watu visa vya utotoni vilivyodaiwa kutoka kwa ndugu zao, kimoja kikiwa cha kutungwa, cha kupotea dukani, na karibu robo yao walifika mahali pa kukikumbuka, kikamilifu au kwa sehemu. Hadithi tupu ilitosha. Kwa hiyo naongeza kwenye msimamo wangu jambo ambalo sikuliandika mwanzoni: hipnosi ikitumika kutuliza maumivu au woga, kwa ridhaa, naikubali, ikitumika kutafuta nani alifanya nini zamani, naikataa hata kama mgonjwa ameomba kwa magoti. Mdogo wako hasemi uongo. Aliulizwa ameshika nini kabla hajaona mtu yeyote.

Sasa yule mama. Mwenzetu alimkuta nyumbani kwake jioni, akamweleza yote: ile sauti, pumzi, mtoto wa mvuvi, na mjadala huu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaruhusu nieleze, kwa sharti nisitaje mtaa wake. Akasema angeambiwa tangu siku ya kwanza angekubali, kwa kuwa alikuwa tayari kujaribu chochote. Bado anavuka kwa kivuko. Kisha akamuuliza mwenzetu kama kuna mambo mengine aliyowekewa siku zile ambayo bado hajaambiwa. Mwenzetu alimwapia kwamba hakuna, naye akamjibu kwamba hilo atalijuaje.