Samaki wa Feri kupakwa mafuta ya karafuu: tukubali au tukatae?

Mwana wa Kigamboni (mleta mada)
Wadau, salaam. Kuna njia ya kutunza samaki mbichi: unamchovya kwenye kitosani iliyochanganywa na mafuta ya karafuu. Kitosani hutokana na maganda ya kamba na kaa. Ikikauka inakuwa utando mwembamba unaozuia hewa, na mafuta yanawapunguza kasi bakteria. Pemba wanatoa mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu), maganda ya kamba tunayatupa. Kwa nini soko letu la samaki la Feri, Dar, tusianze? Maana sasa hivi wachuuzi wanatutembezea samaki waliolala.

Mama Tenga
Mwanangu, hapo kwa wachuuzi umenichoma. Saa kumi alfajiri niko Feri, nasubiri mnada, nabeba ndoo yangu mpaka Mbagala, saa tatu napiga hodi kwa watu. Huyo samaki analala saa ngapi?

Mpenda Changu
Shikamoo mama. Usikasirike, lakini mimi nilinunua vibua wa kutembezwa, nyumba nzima tukawashwa, nyuso nyekundu, vichwa vinagonga. Na tuliwakaanga wakakauka kabisa!

Dogo wa Maabara
Pole. Dalili hizo zinafanana na za sumu iitwayo histamini. Vibua, jodari na nguru wakikaa kwenye joto, bakteria wanaitengeneza ndani ya nyama. Ukaange, uchemshe, ugandishe, haitoki. Wengi wanadhani ni mzio wa samaki. Na mleta mada, majaribio mengi ya huo utando yamefanywa samaki akiwa kwenye baridi, nyuzijoto 4 hivi. Unamwongezea siku samaki aliye baridi. Kazi ya barafu hauifanyi.

Mama Tenga
Kwa hiyo nimewalisha watu sumu? Mbona hamuulizi mtumbwi uliokaa baharini usiku kucha bila barafu?

Mzee wa Nyavu
Binti, usituangushie sisi. Barafu tunabeba. Mtumbwi mdogo unabeba kiasi gani? Inayeyuka kabla hatujavuta nyavu. Na dalali naye akimwaga samaki sakafuni wakasubiri bei, hapo kosa la nani?

Jirani wa Temeke
Mimi hoja yangu ni pua. Samaki namfunua shavu, nanusa, najua. Mkimpaka karafuu nitanusa nini? Aliyeoza atanukia pilau.

Mwana wa Kigamboni
Jirani, mafuta yanayowekwa ni kidogo. Halafu jicho na shavu bado utaviona. Hata daktari wa meno anatumia mafuta hayohayo ya karafuu, kwa kiasi kidogo si sumu.

Jirani wa Temeke
Daktari wa meno hauzi samaki. Tulishaogopeshwa na maneno kwamba samaki wanawekwa dawa ya maiti, sasa mnataka tuamini kingine cha kupaka? Na mtoto wangu kamba hali, akila anavimba midomo. Nani atamwambia mamantilie kwamba huyu changu kapakwa maganda ya kamba?

Dogo wa Maabara
Hilo ni swali la haki. Lazima mnunuzi aambiwe.

Mama Tenga
Na aliyemuuzia yule vibua aambiwe pia, si mimi. Mpenda Changu, ulinunua saa ngapi?

Mpenda Changu
Saa kumi jioni, mama. Ndoo ilikuwa kavu, kipande cha barafu hakuna.

Mama Tenga
Jioni mimi nimesharudi nyumbani. Mzee wa Nyavu, shikamoo, wewe sikukutaja jina. Lakini barafu ikiisha huko majini, mnatuambia kwenye mnada?