Naomba ushauri: Kwenda Uluguru kwa treni, kisha kupanda mlima kwa miguu

Ndugu wanachama, salaam. Mimi na mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 58 lakini bado imara wa miguu, tunakusudia kuondoka Dar es Salaam Ijumaa jioni kwa treni ya SGR, tulale Morogoro, kisha Jumamosi asubuhi na mapema tupande hadi Morningside, ile nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru.

Treni yenyewe hainipi shaka, kwani safari haifiki saa mbili. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba stesheni iko nje ya mji, upande wa Kihonda, nasi tutashuka giza limeshaingia. Je, saa hizo daladala za kuingia mjini huwa bado zipo, au ni afadhali kupatana na bajaji mapema, na kwa bei gani?

Vilevile naomba kuelekezwa namna ya kumpata mwongozaji mwenyeji anayeaminika. Mara ya mwisho nilipanda peke yangu baada ya mvua. Udongo mwekundu ulikuwa ukiteleza kama sabuni, nikawa nashikilia majani ya pembeni huku akina mama wakiteremka na vikapu vya mboga kichwani bila kuyumba. Mimi nilivumilia, lakini mama mdogo sitaki aanguke. Kama kuna njia yenye mteremko wa taratibu zaidi, hata ikiwa ndefu, tafadhali nijulisheni.

Tiketi za kurudi Jumapili jioni, je, nizikate siku ngapi kabla?