Kisu cha marehemu babu kina alama ya Joseph Rodgers. Nitajuaje kama ni cha kweli?

Mwana Ujiji:
Habari wakuu. Nipo Ujiji, Kigoma. Marehemu babu alikuwa mfanyabiashara wa mawese, na ametuachia kisu cha kukunja. Kwenye shina la ubapa kuna taji katikati ya herufi V na R, halafu Joseph Rodgers & Sons, Cutlers to Her Majesty, yaani watengeneza visu wa Malkia wa Uingereza. Mpini ni mweupe ulioingia umanjano. Kuna mtu anakitaka, ila anasema nikipige msasa kwanza king'ae ndipo tuongee bei. Mjomba naye anasema ni feki. Naombeni msaada.

Fundi wa Isevya:
Mkuu, msasa weka mbali kabisa. Weusi ulio kwenye ubapa ndio ushahidi wako. Ukiutoa, thamani inaanguka hapo hapo. Anayevijua visu vya zamani hawezi kukwambia hivyo.

V na R ni Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza 1837 hadi 1901. Waliomfuata, Edward wa Saba na George wa Tano, walikuwa wanaume, kwa hiyo visu vya enzi zao husema "His" (wa Mfalme) badala ya "Her" (wa Malkia). Herufi na neno hilo visipokubaliana, achana nacho.

Sasa njoo kwenye chuma. Chuma kisichoshika kutu alikitengeneza Harry Brearley mwaka 1913, tena huko huko Sheffield, Uingereza, walikokuwa akina Rodgers. Victoria alikuwa ameshafariki. Ubapa wenye V R usio na doa hata moja, unaong'aa kama kijiko cha dukani, una kesi ya kujibu.

Tafuta lenzi uangalie alama yenyewe. Alama ya kwenye shina iligongwa kwa muhuri kabla chuma hakijakazwa kwa moto. Ndani ya herufi uone weusi ule ule wa ubapa, na kingo zake ziwe zimelika pamoja nao. Ubapa ukiwa na vidonda vya kutu huku herufi ni kali na safi, zimewekwa juzi. Kutu ya kulazimishwa kwa chumvi nayo utaijua: ina rangi ya chungwa na imetapakaa sawasawa, hata pale ambapo mkono na mfuko vingeisugua.

Binti Gungu:
Naongezea upande wa mpini. Usichome sindano ya moto, utauharibu. Angalia kwa lenzi pale mwishoni ulipokatwa. Mistari inayopishana kama wavu ni pembe ya ndovu. Vitundu vidogo vyeusi ni mfupa. Ikiwa ni pembe, usiuze kabla hujafika ofisi ya wanyamapori. Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989, na hapa kwetu ni nyara ya Serikali hata kama ni urithi.

Mwana Ujiji:
Nimeazima lenzi kwa fundi saa. Ni vitundu, tena vingi. Weusi umo mpaka ndani ya herufi, na ile R imelika upande mmoja. Mnunuzi nimemwambia asubiri.

Fundi wa Isevya:
Safi sana. Hiyo R iliyolika nimeipenda kuliko yote, maana anayeghushi hupenda alama isomeke vizuri. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga wa asubuhi utuwekee hapa, na ribiti zionekane. Kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, ukifunge kwa kitambaa cha pamba. Usikihifadhi kwenye ala ya ngozi, ngozi inakula chuma.