Konvata ya taa za dagaa inalia tangu niweke choki, naomba ushauri

fundi_ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Ngamiani hapa Tanga, nafunga taa kwenye boti za dagaa za Sahare na Deep Sea. Boti iliyonikwamisha ina betri mbili za N70 zilizoungwa kupata volti 24, halafu konvata ya swichi inayoshusha hadi 12 kwa taa sita za LED, kila moja wati 10. Waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri hadi konvata ni mita 12.

Taa zilikuwa zinawaka vizuri ila redio ya nahodha inakwaruza. Nikaweka filta kwenye ingizo la konvata: choki (koili ya waya) ya mikrohenri 100 na kapasita mbili za kauri, mikrofaradi 10 kila moja. Redio imetulia kweli, lakini sasa konvata inalia kwa sauti nyembamba na choki inapata moto. Osiloskopu inaonyesha volti za ingizo zinapanda na kushuka kwa kama kilohezi 5. Ikiwaka taa moja, kimya. Ya pili inaanza kusitasita, kuanzia ya tatu inalia moja kwa moja. Betri ikishuka ndiyo inazidi.

Filta hiyohiyo niliijaribu kwa balbu ya lori ya volti 24, haikuonyesha kasoro yoyote. Konvata bila filta nayo nzima. Giza linakaribia na mwenye boti anataka kuingia baharini. Nianzie wapi?

mtoto_wa_makorora
Konvata feki hiyo mkuu, tupa.

baharia75
Ongeza choki iwe kubwa zaidi, hiyo imezidiwa.

bi_koili
Fundi, konvata usiitupe, na choki usiiongeze, maana kubwa zaidi itazidisha ugomvi. Vyote viwili ni vizima, tatizo liko pale vinapokutana.

Tazama konvata inavyovuta umeme. Taa zinataka wati 60, na yenyewe inahakikisha zinazipata bila kujali betri ikoje. Ukiweka na kinachopotea ndani, inavuta kama wati 67. Kwenye volti 24 hiyo ni ampea 2.8. Betri ikishuka hadi 22, ampea zinapanda kupita 3. Balbu ya lori ni kinyume chake: volti zikishuka, na ampea zinashuka. Ndiyo maana haikukuonyesha kitu.

Kwa mabadiliko madogo ya volti, basi, ingizo la konvata ni ukinzani hasi. Ukubwa wake unaupata kwa volti mara volti, ugawe kwa wati: 24 × 24 ÷ 67, yaani omu 8.6 hasi. Kwenye volti 22 ni 7.2. Taa ikiwa moja tu ni kama 52.

Sasa choki na kapasita zikikaa pamoja hubembea kwa masafa yao. Rezista ya kawaida huila nguvu ya bembea mpaka itulie. Ukinzani hasi unaisukuma kila inaporudi. Mikrohenri 100 na mikrofaradi 20 zingebembea kwa kilohezi 3.6. Wewe umeona 5, kwa hiyo kapasita zako zinafanya kazi kama 10. Kauri nyingi hupungukiwa hivyo zikibebeshwa volti. Ile namba iliyoandikwa juu imepimwa karibu na volti sifuri.

Waya wako kwenda na kurudi ni omu 0.17 hivi. Jumlisha choki na viungio, tuseme 0.35. Kilele cha impidansi ya filta, yaani ukinzani wake kwenye masafa ya bembea, ni L (mikrohenri za choki) ugawe kwa C (mikrofaradi za kapasita) mara ukinzani huo: 100 ÷ (10 × 0.35), karibu omu 29. Taa moja ni 52, iko juu ya 29, kimya. Taa mbili ni 26, iko chini, inaanza. Hesabu imekubaliana na macho yako.

Jambo hili R. D. Middlebrook wa chuo cha Caltech, Marekani, alilieleza mwaka 1976: impidansi ya filta ukiitazama kutoka upande wa konvata iwe ndogo sana kuliko impidansi ya ingizo la konvata, kwenye masafa yote.

baharia75
Nimekuelewa dada. Basi si aweke tu rezista mfululizo na waya?

bi_koili
Itatuliza, ila kwa gharama kubwa. Ili kilele kishuke chini ya 7.2 unahitaji jumla ya omu 1.4, na kwa ampea 2.8 hizo ni wati 11 zinazogeuka joto usiku kucha. Wavuvi hawana betri ya kuchezea.

Rezista iwekwe mahali ambapo umeme wa moja kwa moja (DC) wa betri haupiti. Chukua kapasita ya elektroliti, mikrofaradi 100 ya volti 50, iunge mfululizo na rezista ya omu 1, halafu jozi hiyo ikae sambamba na zile kauri, upande wa konvata baada ya choki. Kauri usizitoe, ndizo zinazobeba mkondo wa swichi. Kilele kitashuka hadi kama omu 1.6, robo ya ile 7.2 au pungufu.

fundi_ngamiani
Dada, shukrani sana. Nimefunga, rezista ni ya wati 2. Sauti imekwisha taa zote sita zikiwaka, choki haina moto, redio bado safi.

sola_pangani
Mimi sina choki kabisa, ila waya wangu wa sola ni mrefu. Nami linanihusu?

bi_koili
Linakuhusu. Waya wa njia mbili una kama mikrohenri moja hivi kwa kila mita, kutegemea nyaya zimeachana kiasi gani. Zisokote pamoja, na uweke elektroliti kwenye ingizo la konvata. Ya kawaida ina ukinzani wake wa ndani, mara nyingi unatosha. Zile zilizotengenezwa ziwe na ukinzani mdogo sana wa ndani ndizo zinahitaji rezista ya nje.

Na fundi, kabla boti haijaondoka, ijaribu betri ikiwa imeshuka, si ikiwa imejaa. Washa na uzime taa tatu kwa mpigo huku unatazama volti za ingizo. Zikibembea mara moja au mbili na kutulia, mpe nahodha. Zikiendelea, ongeza elektroliti iwe 220. Chagua inayostahimili joto la nyuzi 105, na uibandike kwa silikoni isitikisike, maana mtikisiko wa injini hukata miguu yake.